Maktaba na Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza



Mhariri wa gazeti letu hili la shule ameniomba niandike maneno machache katika sehemu ya Kiswahili, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na sasa nafundisha fasihi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo. Nimelipokea ombi lake kwa furaha, kwani liko jambo ambalo limenikaa moyoni siku nyingi, wala sioni mahali panapofaa kulisema zaidi ya hapa, mbele ya wadogo zangu ambao baada ya mwaka mmoja au miwili wataondoka Kamembe na masanduku yao kwenda vyuoni. Jambo lenyewe ni hili: hatuwafundishi vijana wetu namna ya kutafuta katika maktaba. Twawaonyesha mlango tu, kisha twawalaumu kwa kupotea ndani.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, ili mtu yeyote asidhani ya kuwa nimesimama kilimani nikiwahukumu walio bondeni.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza tulipewa kusoma Kufikirika, kitabu cha Shaaban Robert, tukaambiwa tuandike insha ya kurasa tano juu ya kitabu hicho na nyakati zake. Kitabu chenyewe sikuwa nacho. Nilikuwa na nakala ya fotokopi iliyokwisha kupita katika mikono ya watu wengi, hata pembe zake zilikuwa zimelika. Katika kurasa za mwanzo nikauona mwaka wa 1967. Nilifurahi sana, kwani nilikumbuka kutoka masomo ya historia ya kuwa mwezi wa Februari mwaka ule ule Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha. Basi nikaandika bila kusita ya kuwa mfalme wa Kufikirika, yule aliyehangaika kwa kukosa mtoto wa kumrithi, ni mfano wa viongozi wa baada ya Azimio, na ya kuwa mtungaji anawaonya juu ya siasa yao mpya. Nikayapamba maneno, nikatia methali tatu, nikapeleka insha yangu na kungoja sifa.

Insha ilirudi haina alama. Pembeni mwalimu ameandika maneno matatu kwa wino mwekundu: "Mtungaji alifariki lini?"

Nilikasirika. Nilijiambia ya kuwa tarehe ya kifo cha mtu si fasihi, ni kazi ya karani. Hata hivyo nilikwenda maktaba, nia yangu ikiwa kuipata tarehe hiyo na kurudi kumshinda mwalimu kwa hoja.

Mtunza maktaba alikuwa mzee mpole. Hakuniuliza, "Wataka kitabu gani?" Aliniuliza, "Wataka kujua nini?" Nilipomjibu, alinichukua mpaka rafuni akanieleza habari za nambari zilizobandikwa migongoni mwa vitabu, ambazo mimi nilidhani ni bei au hesabu ya mali ya chuo. Akasema ya kuwa Mmarekani mmoja jina lake Melvil Dewey alizitoa mwaka wa 1876, na ya kuwa katika mpango wake vitabu vya fasihi ya dunia nzima huanzia 800, na fasihi ya Kiswahili hukaa kwenye 896.392. Akaniacha hapo, akarudi mezani pake. Siku ile nilishika vitabu saba. Nikajifunza kutazama yaliyomo kwanza, kisha faharasa iliyo nyuma, ili nisisome kurasa mia tatu kwa ajili ya mstari mmoja. Katika kitabu cha nne nikaipata habari niliyoitaka: Shaaban Robert alizaliwa mwaka wa 1909, akafariki mwezi wa Juni mwaka wa 1962.

Nilikaa kitako pale pale sakafuni. Nilikuwa nimemsemesha marehemu juu ya jambo lililotokea karibu miaka mitano baada ya mazishi yake. Mwaka wa 1967 ulikuwa mwaka wa kitabu kupigwa chapa, haukuwa mwaka wa kuandikwa. Yeye hakuwahi kulisikia Azimio la Arusha.

Lakini ajabu ni ya kuwa sikuweza kuondoka. Swali moja lilikuwa limezaa jingine. Ikiwa hakuandika juu ya nyakati zile, aliandika katika nyakati zipi? Nikatoka kwenye 896 nikaenda kwenye 967, mahali pa historia ya nchi zetu hizi. Nikaona ya kuwa Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Maana yake, mtungaji wetu aliishi chini ya bendera ya uhuru miezi sita hivi tu. Kazi yake karibu yote aliifanya chini ya utawala wa Waingereza. Nikachukua tena Kusadikika, kilichopigwa chapa mwaka wa 1951, ambacho nilikuwa nimekisoma hapa shuleni kama hadithi ya kuchekesha ya nchi inayoelea angani. Safari hii sikucheka. Nilimwona Karama amesimama barazani, ameshitakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, na Waziri Majivuno akimshitaki. Nikajiuliza msomaji wa Tanga au Dar es Salaam wa mwaka wa 1951, asiye na kura wala bunge la kwake, alisikia nini moyoni alipofika mahali hapo. Sikuwa na jibu la haraka. Ila kwa mara ya kwanza nilikuwa na swali langu mwenyewe, ambalo sikupewa na mtu.

Niliandika insha upya. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, wala haikuwa na methali hata moja. Alama nilizozipata zilikuwa za kadiri. Lakini tangu siku hiyo najua tofauti ya kusoma na kutafuta, na kama mwalimu yule angeniandikia "sifuri" badala ya kuniuliza swali, nisingaliijua.

Sasa natazama namna tunavyowafundisha vijana wa mwaka wa kwanza, nami ni mmoja wa wafundishao, basi lawama ni zangu pia. Juma la kwanza twawapitisha maktabani, wote pamoja, muda wa saa moja. Twawaambia wasipige kelele, wasile, wasikunje kurasa, warudishe vitabu kwa wakati. Juma la tatu twawaambia: "Andikeni insha juu ya riwaya hii, na mwishoni mtaje vitabu kumi mlivyovitumia." Hatuwaambii kwa nini kumi. Hatuwaambii vya kutafuta nini. Kijana aliyezoea shuleni kunakili maneno ya ubaoni hufanya lililo karibu: hutafuta mtu aliyekwisha kuandika insha hiyo, huyachukua maneno yake, kisha hupanga majina kumi ya vitabu mwishoni kama mtu apangaye mafungu ya nyanya sokoni. Vitabu vyenyewe hakuvifungua.

Na siku hizi pameingia njia iliyo fupi zaidi. Mwaka mmoja nilipokea insha nzuri mno kutoka kwa kijana mmoja wa vilima vyetu hivi. Kiswahili chake kilikuwa laini, na alitaja vitabu vitatu ambavyo mimi sikupata kuvisikia. Nilimwita nikamwomba aniletee kimojawapo, kwani kweli nilitaka kukisoma. Alikwenda kukitafuta siku mbili. Alitafuta maktabani, akawauliza wenzake, akamwandikia rafiki yake aliye Kigali. Siku ya tatu alikuja na macho mekundu, akasema, "Mwalimu, vitabu hivi havipo." Alikuwa ameiuliza programu ya akili bandia iliyo katika simu yake, nayo ikamtungia insha na majina ya vitabu, waandishi na miaka, vyote vya kubuni, kama mtu mwongo mwenye heshima zake.

Kijana huyo hakuwa mwizi kwa tabia. Mwizi hatafuti siku mbili kitu alichokibuni. Alidhani vitabu vipo, na kwamba kuvitaja ndiko kutafiti, kwa kuwa hakuna aliyemwambia vingine. Lakini kanuni ya chuo ni kanuni. Alilirudia somo lile mwaka uliofuata, na ada yake baba yake aliilipa kwa kuuza ng'ombe. Mimi humkumbuka ng'ombe yule kila nisikiapo walimu wenzangu wakisema ya kuwa vijana wa siku hizi ni wavivu. Jambo moja nisisahau kulisema: siku zile mbili alizokitafuta kitabu kisichokuwapo ndizo siku za kwanza maishani mwake kutafuta jambo maktabani kwa dhati. Tungalimpeleka sisi mapema, na swali la kweli mkononi, ng'ombe angalibaki zizini.

Wako watakaosema ya kuwa mambo haya ni ya wazungu na vitabu vyao. Nawaomba wautazame mto wetu. Kila mtoto wa Rusizi ajua maji yaendako: yatoka Ziwa Kivu hapa kwetu, yateremka Bugarama, yaenda kuingia Tanganyika. Lakini mwaka wa 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipanda mtumbwi kwenda kaskazini ya Ziwa Tanganyika ili wajue mto huu waingia ziwani au watoka. Walifika Uvira, wakarudi kabla ya kuufikia mdomo wa mto. Wenyeji waliwaambia ya kuwa mto waingia. Hata hivyo, huko Uingereza mabishano yaliendelea miaka mingi. Wataalamu waliandika vitabu na kuchora ramani, na Burton mwenyewe baadaye alishika kwamba mto watoka ziwani kwenda kuwa Mto Nili. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomoni, wakauona mto ukiingia. Jambo likaisha.

Nalipenda sana somo hili. Mabwana wale walikuwa na elimu nyingi, na walichokosa ni kufika mahali penyewe, au kumsikiliza aliyeishi hapo. Mwanafunzi anayeandika juu ya Kufikirika kwa kunakili insha ya mtu mwingine, naye alinakili kwa mwingine, ni kama mtu aliye London akichora Rusizi. Maktaba ndiyo mtumbwi wa kumfikisha mdomoni mwa mto.

Sasa natoa maoni yangu juu ya lipasalo kufanywa.

Kwanza, kijana asipelekwe maktabani bila swali. Asome kitabu chenyewe mara mbili, kisha aandike kwa mkono wake jambo moja lililomtatiza. Swali liwe dogo. "Nafasi ya mwanamke katika riwaya" ni bahari, atazama humo. "Kwa nini mfalme huyu amwamini mtabiri kuliko mwalimu?" ni kisima, na kamba yake yaweza kufika chini.

Pili, mwalimu aende pamoja nao, tena wawe wachache, kumi wakizidi. Akae humo ndani saa mbili, awaache wapotee kidogo, kisha awaulize kama mzee yule alivyoniuliza: "Wataka kujua nini?" Najua walimu wana madarasa makubwa na muda mchache. Lakini saa hizo mbili zapunguza saa nyingi za kusahihisha insha zilizoibwa.

Tatu, tuitie alama safari yenyewe. Kila mwanafunzi awe na daftari, aandike humo siku aliyokwenda, rafu aliyoitazama, kitabu alichokifungua, ukurasa alioufikia, na jambo alilolikosa. Nasema na alilolikosa, kwani hilo ndilo halinakiliki kwa mwenzake. Atakayeniletea vitabu vitatu alivyovisoma kweli nitamsifu kuliko mwenye kumi vya kupamba ukurasa.

Nne, na hili lawahusu ninyi wadogo zangu na walimu wenu: kazi hii isingoje chuo. Tangu mwaka wa 2017 Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za nchi yetu, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tukiwa na lugha bila wasomaji wa kweli wa fasihi yake, tutakuwa na jina rasmi na mikono mitupu.

Nasikia mtu akisema, "Mwalimu, hapa Rusizi maktaba kubwa iko wapi?" Swali hilo ni la haki. Maktaba ya umma ya Kigali ilifunguliwa mwaka wa 2012, na kutoka hapa mpaka huko ni zaidi ya kilomita 200, na msitu wa Nyungwe uko katikati. Nauli yake si ya kuchezea. Lakini shule nyingi zina kabati la vitabu, na kabati dogo latosha kwa kujifunzia. Chukua kitabu chochote kilichomo. Funua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu. Soma kilipigwa chapa mara ya kwanza lini, wapi, na nani. Hapo umekwisha kuanza. Angalia pia kama mwaka uuonao ni wa toleo la kwanza au wa kupigwa chapa tena, kwani hapo ndipo wengi hujikwaa, na mimi nilijikwaa karibu na hapo hapo.

Na simu je? Simisemi simu vibaya. Kwa mtoto wa Kamembe yaweza kuwa mlango wa maktaba za mbali. Liko jarida liitwalo Swahili Forum, lenye makala za wataalamu juu ya lugha na fasihi ya Kiswahili, nalo lasomwa bure katika intaneti. Tofauti ni hii: mwenye swali huingia mlangoni akitafuta, na asiye na swali hungoja nje aletewe chochote. Na kila uletewacho ukiulize: nani amesema, lini, na nikitaka kukiona chenyewe nitakiona wapi? Kisipoweza kuonyeshwa kilipo, kiache. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, alinipinga kwa maneno haya: "Watoto hawa Kiswahili chenyewe wamekiokota sokoni na kwa wavukao daraja kutoka Bukavu. Kiswahili cha vitabuni chawashinda. Utawapeleka kutafuta nini?" Nimelifikiri neno lake, kwani lina ukweli. Lakini nimeona ya kuwa kijana anayetafuta jambo alitakalo husoma kurasa thelathini bila kujijua, na katika kurasa hizo hukutana na maneno ambayo asingeyajua kwa kukariri msamiati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye akiinama huokota na vingine.

Mwisho nawaachia wadogo zangu swali moja, ili nisionekane nimesema maneno matupu. Mwaka wa 1951, Shaaban Robert alipotoa Kusadikika, Mnyarwanda mmoja, Padre Alexis Kagame, alitoa kitabu chake juu ya mashairi ya wafalme wa Rwanda, kwa lugha ya Kifaransa. Mashairi hayo yalikuwa yamehifadhiwa vifuani mwa watu vizazi kwa vizazi. Yeye aliwafuata waliokuwa wakiyajua, akayaandika. Mmoja alikuwa Tanganyika chini ya Waingereza, mwingine Rwanda chini ya Wabelgiji. Mmoja alibuni mfalme asiyekuwapo, mwingine alikusanya sifa za wafalme waliokuwapo. Mwaka mmoja, vitabu viwili, na vyote viwili vyazungumza habari za utawala mbele ya mgeni aliyetawala. Je, ni nasibu tu? Sijui nani kati yenu atalijibu. Najua ya kuwa hatalijibu kwa kunakili, kwani jibu hilo simjui mtu aliyeliweka mahali pa kunakiliwa. Itampasa ainuke, afungue kabati, aulize, aandike alichokikosa, kisha aulize tena.

Na siku moja, akiwa mwaka wa kwanza chuoni, mwalimu akamwandikia pembeni kwa wino mwekundu, "Mtungaji alifariki lini?", asikasirike kama mimi. Achukue daftari lake, aende.

Nawatakieni masomo mema.

Mwanafunzi wenu wa zamani,
Kamembe, Rusizi.